Usiipige Tupa Hiyo Filimbi

4 Machi

Mpwa wangu Spana,

Marahaba. Nimeitikia kabla hujaniamkia, maana najua barua yangu inatembea haraka kuliko adabu yako. Sisi wazima. Goti langu la kushoto limeanza kuishi maisha yake, ila la kulia bado linanitii. Mama yako hajambo, kifua kimetulia tangu alipotoka hospitali, na cherehani inalia kutwa. Ameletewa sare arobaini za wauguzi, na sebule nzima sasa ni mikono na kola. Ukitafuta kikombe unashika mguu wa suruali. Wapaka rangi wa jirani wanamaliza wiki hii, na tunamshukuru Mungu, vumbi lao tumelila la kutosha.

Usiniulize tena habari za simu. Ipo, ina chaji, na siitaki. Na wewe huko kwenye nguzo zenu za umeme mtandao hamuupati mpaka mtu apande kilima, kwa hiyo tuandikiane tu kama watu wenye heshima.

Sasa jambo lenyewe. Ile sigara ya umeme uliyoniletea naiita Filimbi, kwa sababu ni bomba la shaba na mtu akiniona nayo uani anadhani napiga muziki. Huu mwezi wa tano haijanigusa mdomo sigara ya moto. Mkataba wangu na mama yako unaujua. Siku moshi wa tumbaku ukiingia kifuani mwake tena, nafungasha virago naenda nyumba ya wazee, nikacheze karata na watu wasio na meno. Na hakusema kwa hasira. Alisema akiwa na ile barakoa ya hewa usoni, ikabidi niiname nimsikie. Mtu akikuambia jambo kwa namna hiyo, utabisha vipi?

Ila Filimbi imechoka. Nikibonyeza kitufe cha chini, mvuke unatoka kidogo kama pumzi ya karani siku ya Jumatatu, na kitufe chenyewe kinapata moto. Betri nimeichaji. Mimi nimetengeneza lifti miaka thelathini na moja, nikikuta mahali panapata moto sihitaji mganga. Kontakti zimechafuka, pale chuma kinapogusana na chuma umeme unapita kwa taabu. Nimefungua nikaona weusi kwenye pini ya kitufe.

Dawa yake naijua, na wewe unaijua, nilikufundisha mwenyewe ulipotoka chuo, kule juu kwenye chumba cha mashine, ukiogopa panya kuliko umeme. Nataka tu uniambie kama humo ndani kuna siri nisiyoijua. Nasubiri jibu. Lakini si unanijua nikisubiri.

Mjomba wako,
Kengele


21 Machi

Mjomba, shikamoo.

Barua yako imenifikia jana, gari la vifaa linapanda huku kila baada ya wiki mbili na safari hii lilikwama siku tatu kwenye tope. Mimi mzima. Nimehamishiwa ghalani kwa muda, nahesabu bolti na vikombe vya kauri vya nguzo. Si kazi mbaya, ina kivuli. Mwambie Mama ile fulana aliyonishonea ina joto sana, naivaa asubuhi tu. Mwambie pia asishone mpaka usiku kwa sababu ya wauguzi, wao wenyewe ndio watakaomkemea.

Kuhusu Filimbi, naomba usome mpaka mwisho kabla hujashika chochote.

Kwanza toa betri, uiweke mbali na funguo na sarafu. Iangalie ngozi yake, yaani ile plastiki iliyovalishwa. Ikiwa imechanika hata mchano mdogo kama kipande cha ukucha, usiitumie tena. Mjomba, lifti zako zilikuwa na fyuzi, na breki, na wewe mwenyewe chini ukifoka. Hilo bomba halina kitu kama hicho. Ukibonyeza, betri yote inakwenda moja kwa moja kwenye waya. Akili ya hicho kifaa ni ya aliyekishika.

(Najua utakachosema hapo. Usiseme.)

Kitufe kifungue polepole juu ya kitambaa cheupe, maana ndani kuna springi, pini na pete nyembamba ya plastiki, na pete ikipotea umekwisha. Chovya kijiti cha pamba kwenye spiriti, futa pini ya chini, kisha ya juu inayogusa kichwa cha betri. Hesi nazo, ile mikunjo ya kukazia, zisugue kwa mswaki wa zamani, kwa sababu umeme unapita humo pia, na yale maji ya ladha hujificha humo yakawa gundi. Acha vikauke mpaka harufu ya spiriti iishe kabisa ndipo urudishe betri. Weusi ukikataa, chukua raba ya kufutia penseli, sugua taratibu, ufute tena. Ukifanya hivyo kila wiki haitapata moto.

Na sasa hili. USIIPIGE TUPA. Wala msasa. Kontakti zako za lifti zilikuwa shaba tupu, nene kama kidole, ungeweza kuzila kwa tupa miaka ishirini. Hiyo pini ni shaba iliyopakwa fedha nyembamba kama ganda la ndani la kitunguu. Ukilitoa, halirudi.

Herufi kubwa si za kukukosea adabu. Nakuomba tu.

Na vutia uani, mbali na dirisha la Mama. Mvuke nao si maziwa.

Mpwa wako,
Spana


2 Aprili

Spana,

Marahaba mara mbili, moja yako na moja ya herufi zako kubwa. Nimeziona bila miwani. Nadhani hata jirani kaziona.

Barua imefika jana. Nataka ujue kwamba mimi mtu mzima sikukaa wiki nne nimekunja mikono kama mgeni msibani. Niliigusa kidogo. Kidogo tu. Halafu ikawa nzuri sana siku mbili, mvuke kama treni, mpaka mama yako akachungulia dirishani kuuliza ninapika nini. Sasa hivi Filimbi imepumzika.

Unanieleza mambo ya tupa mimi? Wakati ule mkurugenzi alipokwama kati ya ghorofa ya tatu na ya nne na keki ya sherehe mikononi, nilikuwa na nini? Sikuwa na spiriti, sikuwa na kijiti cha pamba. Nilikuwa na tupa ya kucha ya katibu wake. Mapigo matatu, lifti ikapanda, keki ikaliwa, na mimi nikapewa kipande chenye jina la mtoto. Hiyo ndiyo elimu yangu, na wewe uliinywa yote kikombe kizima, leo unaniandikia habari za raba za kufutia penseli. Haya bwana.

Nyumbani kwema. Suruali yangu ya kijivu imechanwa na kiti, mama yako anaitia kiraka. Amepata kikohozi kidogo, ni vumbi la wapaka rangi tu. Wauguzi wamechukua sare zao na kuleta nyingine, inaonekana huko hospitali wanazila.

Na wewe ghalani unafanya nini? Fundi wa umeme kuhesabu bolti ni kama kumpa daktari kazi ya kupanga viti. Wamekunyima umeme kwa nini, au umempiga msimamizi? Kama umempiga, niambie ulitumia mkono gani.

Mama yako amesema bahasha ataifunga yeye. Sijui anataka kuweka nini.

Kengele


17 Aprili

Mjomba, shikamoo. Natumaini goti linaendelea.

Ndani ya bahasha, pamoja na barua yako, kulikuwa na kipande cha kitambaa cha kijivu. Mama hakuandika hata neno moja. Ameweka tu kitambaa. Kina tundu la duara, kubwa kama kile kitufe, na kingo zake zimeungua.

Hicho kiti chako kinachana kwa duara?

Acha nikueleze ilivyokuwa, halafu useme kama nimekosea. Uliipiga tupa. Fedha ikatoka, unga wa shaba ukaanguka ukashikana na pete ya plastiki. Siku mbili ikawa nzuri kwa sababu chuma kilikuwa kipya. Halafu cheche zikaanza kukila, kitufe kikapata moto kuliko mwanzo, springi ikalegea kwa joto. Ukaitia mfukoni, kitufe kikakaa chini, hakikurudi.

Umeungua wapi, na kiasi gani? Betri iko wapi? Usiitupe kwenye pipa la taka. Funga ncha zake mbili kwa utepe, iweke kwenye kitu kisichoshika moto nje ya nyumba, kisha mpelekee fundi wa betri. Na hilo bomba usilijaribu tena hata mara moja.

Jambo la tatu. Wapaka rangi walimaliza mwanzoni mwa Machi, uliniandikia mwenyewe. Sasa Mama anakohoa vumbi la nani? Na Filimbi ikiwa imekufa, wewe unavuta nini?

Ghalani nipo kwa sababu bolti hazijihesabu.

Spana


29 Aprili

Mpwa wangu,

Marahaba. Paja limepona, lilikuwa lengelenge tu, nimeunguzwa zaidi na uji. Betri nilishaifunga utepe na kuitia kwenye chungu cha udongo uani, kesho naipeleka kwa fundi. Sikukutupia lawama yoyote na wewe usinitupie.

Swali lako la tatu sijalisoma vizuri, mwandiko wako umeharibika sana tangu uende ghalani.

Siku hizi natembea. Daktari wa goti anasema kutembea kunafaa. Naenda mpaka nyuma ya kiwanda cha matofali na kurudi, mara nne kwa siku, na nikirudi nanawa mikono mpaka viwiko na kubadilisha shati. Usafi ni jambo zuri kwa mtu wa umri wangu.

Mama yako amehamishia cherehani karibu na dirisha ili apate hewa. Anapumzika mara mbili kabla ya kumaliza kola moja. Anakusalimu.

Sina zaidi.

K.


20 Mei

Mjomba, shikamoo.

Hii barua nimeianza mara tatu. Sitakuuliza tena unavuta nini. Mtu anayebadilisha mashati manne kwa siku kwa ajili ya goti, amekwisha kunijibu. Badala yake nitakueleza langu.

Februari kontakti za swichi ya pampu ya maji hapa kambini zilikuwa nyeusi. Mlinzi wa pampu aliniita. Nilikuwa na ile tupa ndogo uliyonipa siku nilipomaliza mazoezi, yenye mpini uliofungwa utepe mwekundu. Nikazima umeme, nikapiga mapigo matatu, kwenda tu, bila kurudi, kama ulivyonionyesha. Zikang'aa. Nikajisifu. Kumbe nazo zilikuwa za kupakwa fedha. Siku ya kumi zikashikana zisiachie, pampu ikazunguka bila maji mpaka ikaungua. Watu sitini tulikaa siku nne tukipimiwa maji kwa kikombe, na mpishi aliyepika kwa maji ya tanki la gari bado hanisalimii.

Ndiyo maana niko ghalani.

Msimamizi aliniuliza mbele ya wote, "Nani alikufundisha kupiga tupa kontakti ya fedha?" Nikasema nilijifundisha mwenyewe. Sikukuandikia kwa sababu nilijua ungeniuliza kwa nini nilisema hivyo, na sina jibu zuri. Sikutaka tu wakutaje.

Sasa Mama. Ameniandikia, kwa mkono wake, kurasa mbili. Anasema dawa ya kifua haimfai tena. Anasema labda mwili umezeeka, labda umeizoea. Ana miadi na daktari Jumatano ya kwanza ya Juni, anataka aongezewe ya nguvu zaidi, ile inayomtetemesha mikono. Unajua mkono ukitetemeka cherehani inakuwaje. Mjomba, anajilaumu yeye. Hajui kwamba kila siku mara nne mtu anaingia nyumbani mwake na moshi kwenye nywele.

Nimekutumia kifurushi. Kuna kitufe kipya kamili, na pini yake, springi na pete, na pini ya juu, na betri mpya ndani ya kasha lake. Itabidi usafishe bomba na hesi vizuri kwanza. Ila naweka sharti, na nisamehe mtoto kumwekea mkubwa sharti. Usiiunganishe kabla hujamwambia Mama kwa mdomo wako. Sitamwambia mimi.

Mpwa wako


6 Juni

Spana wangu,

Marahaba, na kaa chini, kama ghalani kuna kiti.

Kifurushi kilifika Jumatatu. Nilikiweka juu ya kabati nikakitazama siku mbili. Jumanne nilikwenda kiwandani mara sita. Nakueleza ukweli mtupu kwa sababu nimechoka kutunga, na goti halihusiki na lolote.

Jumatano asubuhi mama yako alikuwa mlangoni anavaa viatu vya kwenda kwa daktari. Alikuwa anapumua kwa mabega. Nikasema, "Dada, usiende kuongezewa dawa. Dawa nzima. Mbovu ni mimi."

"Wewe mbovu tangu utoto. Sema kipya."

"Navuta. Nyuma ya kiwanda cha matofali."

Akakaa kwenye ngazi, kiatu kimoja mguuni, kingine mkononi. Nikadhani nitarushiwa, nikajiweka tayari.

"Tangu lini?"

"Tangu ile suruali."

"Wiki kumi," akasema. Unamjua anavyohesabu, kama anapima kitambaa. Kisha akasema, "Na mimi nafua mashati manne kwa siku nikidhani umepata mwanamke."

"Hata mimi ningependa iwe hivyo, dada."

Hakucheka. Ulitarajia nikuambie alicheka, lakini hakucheka. Alivaa kiatu cha pili akaondoka, mlango akaufunga polepole, na huo ndio mlango mbaya kuliko wa kubamizwa. Nikaingia chumbani nikafungasha. Vitu vya miaka sabini na minne vikaingia kwenye begi moja, tena likabaki na nafasi. Hilo lilinisumbua kidogo.

Alirudi saa saba. Daktari hakumwongezea dawa. Alimwambia aishi wiki tatu bila moshi kwanza, ndipo waangaliane tena. Akaliona begi.

"Unakwenda wapi?"

"Nyumba ya wazee. Si ndiyo mkataba?"

"Hilo begi ni langu. Toa nguo zako."

Nikatoa. Akachukua mapazia ya chumba changu na blanketi na mashati yote akayatia majini, akafungua dirisha akaliwekea tofali lisijifunge. Akasema nitalala sebuleni kwenye kochi mpaka chumba kiishe harufu, na mlango wake utakuwa wazi ili anisikie nikitoka. "Na ukivuta moja tena," akasema, "begi utatafuta la kwako." Yaani mimi, mzee mzima, nachungwa kama maziwa jikoni.

Filimbi tumeisafisha pamoja Alhamisi, mezani, katikati ya sare. Betri ilibaki kwenye kasha muda wote, usinifokee. Nilifuta hesi kwa spiriti, nikapiga mswaki, nikafuta tena, nikasema tayari. Mama yako akalichukua bomba, akaligeuza kwenye mwanga wa dirisha, yeye anatia uzi kwenye sindano bila miwani, akasema, "Na hiki kinachometameta?" Unga wa shaba. Mstari mwembamba kama unywele ndani ya hesi ya mwisho, wa tupa yangu. Akautoa kwa ncha ya sindano, akaufutia kwenye pamba akanionyesha. Fundi wa lifti, miaka thelathini na moja. Kitufe sasa ni baridi. Kila Alhamisi tutaifungua, amesema, na mkaguzi ni yeye.

Kwenye karatasi ya pili nimemwandikia msimamizi wako. Nimesema aliyekufundisha ni mimi, kwamba lifti zangu zilikuwa za shaba nene na sikuwahi kuuliza kama vitu vimebadilika, na kwamba mwanafunzi aliyefuata somo neno kwa neno asiadhibiwe peke yake wakati mwalimu amekaa anakunywa chai. Mpe, au iwashie jiko la mpishi, labda atakusalimia. Lakini usiseme tena kwamba ulijifundisha mwenyewe. Hakuna mtu anayeweza kujifundisha kukosea vizuri namna hiyo.

Sasa ni saa tisa mchana. Mama yako amelala kidogo, mlango wake wazi, na mimi niko kwenye kochi na karatasi gotini. Namsikia anavyopumua. Mashine nimezisikiliza maisha yangu yote, nikiweka sikio kwenye ukuta nilijua ni kamba au ni gurudumu, na hii nimeishi nayo nyumba moja miaka sita sikuwahi kuisikiliza. Ikiingia inaingia vizuri. Ikitoka ina kama mluzi mwishoni, halafu inakaa, unasubiri, halafu inaingia tena.

Nilipoanza barua hii nilikuwa na hamu ya kutoka uani. Bado ninayo. Lakini nikisimama kochi litalia, naye ataamka, kwa hiyo nitakaa hapa mpaka amalize usingizi wake.

Mjomba wako,
Kengele